Mugumo na Zaburi ya 104



Wiki hii tuchukue Zaburi ya 104, shairi la mistari 35 kuhusu kazi za Mungu. Isome polepole, uangalie mwanadamu ametajwa wapi. Mstari wa 14 analishwa, lakini ng'ombe wametangulia kupewa nyasi. Mstari wa 23 anatoka kwenda kazini, simba wakisharudi kulala.

Wewe unayetembea alfajiri kutoka Kangemi kwenda tao kutafuta riziki, saa hiyo simba wa mbuga yetu ya Nairobi wanamaliza zamu yao. Mnapokezana. Mwajiri ni mmoja.

Najua Zaburi ya 8 inamvika mtu taji. Lakini taji halimfanyi mtunzaji kuwa mwenye shamba.

Mnakumbuka mwaka wa 2020, Expressway ikijengwa, ule mugumo mkubwa wa Waiyaki Way pale Westlands ulikuwa ung'olewe. Watu wakapaza sauti, na mwezi wa Novemba Rais Uhuru Kenyatta akaagiza uhifadhiwe. Nilisikia waliookoka wakinung'unika: si huo ni mti wa matambiko?

Sasa swali hilo limefika kwetu. Kwenye ploti tuliyonunua kuna mugumo, na ndugu mmoja mpendwa ameomba tuukate kabla ya kuweka msingi, kwa sababu wazee wa Kikuyu walitambika chini ya miti kama huo. Ninaheshimu bidii yake. Sitaki madhabahu ya kigeni kwenye uwanja wa Bwana.

Lakini waliotambika walikuwa watu. Mti haujawahi kumwabudu yeyote. Mstari wa 16 unaita miti mali ya Bwana, na wa 17 unasema ndege wamepewa hapo pa kujenga. Hata Zakayo alipomtafuta Yesu alipanda mkuyu, na mkuyu ni wa ukoo mmoja na mugumo.

Kwa hiyo ninawasihi wazee wa kanisa: tusogeze msingi. Tutapoteza nafasi ya magari manne hivi, na Jumapili wengine watalalamika. Lakini watoto wa Sunday School watapata kivuli, na tutaomba chini yake kwa jina la Yesu.

Tuombe: Baba, tufundishe nafasi yetu katika nyumba yako. Tuondolee hofu ya kile ulichokiumba mwenyewe, na utupe mikono ya kutunza. Katika jina la Yesu.

Kama unaamini, sema Amina.