Mama wa kambo katika hadisi zetu

Tumeombwa tuandike juu ya desturi ya kusimulia hadisi jioni, na zaidi juu ya hadisi za mama. Kazi hii inaonekana nyepesi, juu kila mtu anadhani anaijua. Ukimuuliza mtu yeyote wa Kivu mama ni nani katika hadisi zetu, atakujibu bila kufikiri: mama ni mwema, mama ndiye nyumba. Lakini ukae chini uzisikilize moja moja, utashangaa. Mama mwenyewe hayumo. Hadisi inaanza, naye amekwisha kufa. «Kulikuwaka mutu moja, bibi yake akakufa, akamuachia mutoto mwanamuke.» Kwa maneno hayo machache tumemzika mama, na anayeingia nyumbani nyuma yake ni mama wa kambo. Ni huyo tunayemsikia akisema, akipika, akipima chakula, akituma watoto mtoni. Hadisi nyingi tunazoziita za mama ni hadisi za mama wa kambo.

Sisi tunaoandika kurasa hizi tunafundisha Kifaransa katika shule ya sekondari mjini Bukavu, na tulisoma Kifaransa pamoja na lugha za Kiafrika kwenye Institut Supérieur Pédagogique. Huko tulijifunza kuzipanga hadisi: huyu ni shujaa, huyu ni mpinzani, huyu ni msaidizi. Mama wa kambo alikuwa na fasi yake kwenye ubao, akatulia hapo miaka mingi. Yule aliyemtoa kwenye ubao ni mama mmoja wa Kadutu, mwezi wa Machi 2018.

Wasomaji wanajua kwamba katika nchi yetu Machi nzima imekuwa mwezi wa wanawake, si tarehe 8 peke yake. Vikwembe vinashonwa, hotuba zinasomwa, watu wanapiga mafoto. Mwaka ule kikundi chetu kilisema hotuba zimetosha, afazali tuwaite wamama watatu wazee watusimulie hadisi, basi. Tulipata jumba la parokia, mikeka, na viti vya plastiki kwa wale wenye magoti mabaya. Shida ilikuwa saa. Hapa kwetu watu wanapenda kurudi nyumbani mapema, kila mtu anajua juu ya nini. Tukapanga kuanza saa kumi ya mchana. Mzee kuliko wote, koko mmoja kutoka upande wa Shabunda, akakataa kufungua kinywa. Kwao hadisi haisimuliwi jua likiwa juu. Tulijadiliana naye nusu saa nzima. Mwisho vijana walitundika vikwembe kwenye madirisha, jumba likawa na giza, koko akaangalia kushoto na kuume, akasema: «Sasa ni usiku.» Watu walicheka sana, lakini yeye hakucheka.

Tuliwaomba wasimulie kwa Kiswahili, juu palikuwa na Washi, Warega, Wahavu, Wafuliru, Wabembe, Watembo, na kila mmoja angalitaka kwao. Kiswahili kilisaidia, lakini nyimbo zilikataa kuvuka. Koko alisimulia kwa Kiswahili, na alipofika kwenye wimbo alirudi katika Kirega, watu wakaitikia bila kuelewa neno. Hatujui kama kuna dawa ya jambo hilo. Labda haihitajiwi.

Hadisi yenyewe ni ile ya kibuyu, na wengi wenu mmeisikia kwa namna moja ao nyingine. Binti yatima anatumwa mtoni na mama wa kambo kuosha kibuyu. Maji yanakibeba. Anarudi nyumbani bila kitu, anaambiwa asikanyage mlangoni pasipo kibuyu. Anafuata mto. Anamkuta kikongwe mwenye vidonda anayemwomba amuoshe mgongo. Anamuosha bila kukunja uso. Analala kwake, anateka maji, anafagia, halafu kikongwe anampa kibuyu na kumwonya asikivunje mbele ya kufika kwao. Anakivunja nyumbani, vinatoka vikwembe, mbuzi, shanga. Mama wa kambo anaona, anamtuma binti yake aliyemzaa yeye mwenyewe. Huyo anamcheka kikongwe, anapewa kibuyu naye, na ndani yake mnatoka nyoka. Koko alisimulia vizuri ajabu. Alipokuwa kikongwe mwenye vidonda, mgongo wake ulipinda kweli. Alipokuwa mama wa kambo, sauti ilikauka kama kuni. Watoto waliokaa mbele walishikana mikono.

Nyoka walipotoka, watu wakapiga makofi. Mama mmoja wa miaka arobaini hivi, aliyekaa karibu na mlango na mtoto mgongoni, hakupiga. Alisimama.

«Koko, unisamehe. Mimi niko na batoto tano mu nyumba. Hata moja sikumuzala. Babili ni ba marehemu dada yangu. Huyu moja ni wa bibi wa kwanza wa bwana yangu. Babili tulibaokota mu njia wakati ya kukimbia vita. Kila siku mu hadisi mama wa kambo ni mubaya. Juu ya nini?»

Tumefikiri maneno hayo mara nyingi tangu siku ile, na tunapenda msomaji asiyapite haraka. Mwanamke ni mmoja, chungu ni kimoja, mkeka ni mmoja. Kwa watoto wawili wa kwanza lugha yetu inamwita mama mdogo, na hilo ni jina la heshima. Dada ya mama ni mama, hakuna anayeuliza. Kwa yule wa tatu anaitwa mama wa kambo. Kwa wawili wa mwisho lugha haina jina la kumpa. Kifaransa nacho hakisaidii: kuna «belle-mère», ambalo linamshika pia mama mkwe, na kuna «marâtre», ambalo ni tusi. Sasa mama huyu anapopakula bugali jioni, mkono wake unapita kwenye majina matatu. Katika mji huu, baada ya vita vya 1996 na vya 1998 mpaka 2003, na vingine vilivyofuata, nyumba za namna hiyo ni nyingi. Karibu ya kila kalasi tunayofundisha ina watoto wanaolelewa na mtu ambaye hakuwazaa. Hadisi ya kibuyu inapowafikia, haiwafikii kama ilivyofika kwa babu zetu.

Koko alinyamaza kidogo. Halafu akasema: «Mwanangu, unajua ni nani alinisimuliaka hii hadisi? Ni mama wangu wa kambo.»

Jumba likatulia.

«Alikuwa anaisimulia akiwa anapakula. Akifika pale pa mama mubaya, ananiangalia miye kwanza, kisha anaangalia sahani yangu. Siku zingine alirudishaka kijiko mu chungu, ananiongeza.»

Sisi hatukuwahi kusoma jambo hilo kwenye buku lolote la masomo yetu. Tulikuwa tumefundishwa kwamba hadisi inamfunza mtoto: uwe na heshima, usimcheke mkongwe. Kumbe katika jiko lile hadisi ilikuwa kazi ya mwanamke juu yake mwenyewe. Alijisimulia mbele ya mtoto yule yule ambaye angeweza kumtendea mabaya, akamfanya kuwa shahidi. Kila mara alipotaja mama mbaya alikuwa anampa yatima haki ya kumwangalia. Tunadhani hiyo ni sababu moja ya hadisi hii kuishi sana midomoni mwa wamama, ingawa inawasema vibaya. Wanaume wangeisimulia peke yao kwenye baraza, ingekuwa masengenyo tu.

Lakini mama wa mlangoni hakuridhika, na hatuwezi kumlaumu. Alimjibu koko kwa heshima yote: «Koko, wewe ulibahatika, uliisikia kwake mwenyewe. Bana yangu banaisikia kwa jirani. Banarudi ku nyumba, banaanza kuhesabu nyama mu sahani.»

Hapo mazungumzo yakawaka. Papa mmoja, mkubwa wa shule fulani, alisimama kusema kwamba desturi ni desturi, haibadilishwi kwa sababu inamuuma mtu. Tukianza kuondoa mama wa kambo, kesho tutaondoa fisi. Watu walimpigia makofi. Hatukubaliani naye, na tulimwambia. Kwanza, hakuna hadisi isiyobadilika. Hata zile za Wazungu ambazo tunazifundisha shuleni kana kwamba zilichongwa kwenye jiwe zimebadilishwa. Ndugu wawili Grimm wa Ujerumani walipotoa kitabu chao mwaka 1812, aliyetaka kumwua Blanche-Neige alikuwa mama yake aliyemzaa. Katika kitabu cha 1819 wakamgeuza mama wa kambo. Waliona haya kusema kwamba mama mzazi anaweza kumchukia mtoto wake, na mzigo wakamtwika mwanamke mwingine. Ikiwa wao waliweza kubadili hadisi ili kumharibia jina mama wa kambo, sisi tunakatazwa na nani kumrudishia?

Pili, hatuna lazima ya kubuni kitu kipya. Wanyanga wa Walikale, majirani zetu, wana masimulizi makubwa ya Mwindo. Mwaka 1956 mzee Candi Rureke aliyaimba, akayacheza na kuyaigiza siku kumi na mbili mbele ya Daniel Biebuyck, na yalitoka katika kitabu mwaka 1969 kwa kazi ya Biebuyck na Kahombo Mateene, Mnyanga mwenyewe. Watu wanamjua Mwindo kama shujaa, kadogo aliyezaliwa akitembea na kusema. Tuliomba neno, tukawakumbusha upande mwingine. Baba yake, mwami Shemwindo wa Tubondo, alikuwa amewaamuru bibi zake saba wazae wasichana peke yao. Mwindo akazaliwa mwanaume. Baba anamtupia mikuki, inashindikana. Anamzika mzima, inashindikana. Mwishoni anamfungia ndani ya ngoma na kuitupa majini. Mama yake mzazi, Nyamwindo, hana nguvu ya kuzuia lolote. Ngoma inasafiri majini mpaka kwa Iyangura, dada ya Shemwindo, aliyeolewa na Mukiti, nyoka mwenye maji. Ni Iyangura anayepasua ngoma kwa kisu na kumwona mtoto ndani.

Kuna fasi moja tuliyoisimulia polepole zaidi. Baadaye baba anakimbilia chini ya ardhi, na Mwindo anataka kumfuata huko ambako watu hawarudi. Mbele ya kushuka, anampa shangazi ncha moja ya kamba. Maadamu kamba inatikisika, yeye yuko hai. Ikitulia, ajue amekufa. Shujaa anashuka, anapigana, anashinda, na waimbaji wanashangilia safari yake. Wakati huo wote kuna mwanamke aliyebaki juu, ambaye hakumzaa, ameshika kamba, anasikiliza kwa mkono wake. Kisha, siku ya baraza kubwa, ni huyo huyo anayemkaripia kaka yake mwami mbele ya watu wote juu ya mabaya aliyotenda.

Papa mkubwa wa shule alisema kwamba shangazi si mama wa kambo. Ni kweli, na tulikubali. Shangazi ni damu. Lakini mama wa mlangoni hakujali hesabu hiyo. Aliuliza: «Huyo shangazi jina lake nani tena?» Tukamwambia. Alimrudilia jina mtoto aliye mgongoni, ambaye alikuwa amelala. Koko wa Shabunda naye alitaka kujua ile kamba ilikuwa ya nini, ya mgomba ao ya mti gani. Hatukuweza kumjibu. Alionekana kutuhurumia kidogo, kama mtu anayemhurumia mwalimu aliyesoma habari za kamba bila kuishika.

Hadisi mbili zilizobaki zilisimuliwa haraka haraka, juu mvua ilikuwa inakuja na njia za Kadutu kila mtu anazijua zikilowana. Moja ilikuwa ya sungura, haikuhusu mama hata kidogo, na watoto waliipenda kuliko zote.

Tangu vita vilipoingia mjini Februari 2025, kikundi chetu hakijafanya jioni nyingine jumbani. Watu wanasimuliana nyumbani, mlango ukiwa umefungwa, na labda huko ndiko hadisi zilikotoka. Mama yule tulikutana naye sokoni akinunua sombe. Alituambia batoto sasa ni saba, na huyo wa mwisho analala tu kama mtu amemsimulia. Tulimuuliza kama ile ya kibuyu pia anaisimulia.

«Ile pia, Mwalimu,» akajibu akifunga sombe yake. «Lakini miye ninaanzia ku mutoni.»