Fungu la Firigisi

Kwa miaka miwili, tangu mumewe afariki, mama mmoja wa Kizanzibari aishiye Leicester alikuwa akinunua kuku aliyekwishakatwa. Mwenye bucha humpitisha kwenye msumeno wa umeme, naye hutoka vipande visivyo na majina: mfupa umepasuka popote msumeno ulipopita, na vibanzi vyake huzama katika mchuzi kumngojea mlaji. Hata hivyo mama alishukuru, kwani baridi yabisi ilikuwa imemshika vidole.

Jumamosi moja alirudi na kuku mzima. Wiki hiyo mwanawe alikuwa aende chuo kikuu, mji mwingine.

"Njoo, baba," alimwambia, "shika kisu."

Kijana akaanza kwa kuukatia mfupa nguvu. Mama akamzuia mkono. Kuku, alimweleza, huachanishwa tu, maana viungo vyake vimekwisha kuonyesha njia. Aichane ngozi baina ya paja na tumbo, aukunje mguu kwa nyuma hadi kichwa cha mfupa kichomoke chenyewe katika tundu lake, kisha kisu kipite hapo. Kati ya paja na mguu wa chini upo mstari mwembamba wa mafuta; kisu kikiufuata hakikutani na mfupa. Kipapatio huvutwa mbali na mwili hata kiungo cha bega kijulikane. Mwisho, mgongo hutengwa na kidari kwa kupitia mbavu, ambazo ni laini. Mguu wa kwanza ulimchukua kijana muda mrefu wa aibu. Wa pili ulitoka kwa mlio mdogo, akacheka.

Kila kipande kilipolala siniani, mama alikitaja pamoja na mwenyewe. Paja la mgeni. Vipapatio vya watoto. Mgongo, mifupa mingi na nyama haba, ni wa mpishi. Ameula miaka thelathini akidai kwamba ndio mtamu. (Huenda ni kweli. Mama wengi wa pwani husema hivyo, ila ni nadra kumwona aliyepewa paja akalikataa.)

Vya ndani vilikuwa katika mfuko mdogo, kama alivyoviomba buchani. Firigisi aliipasua mwenyewe, akaiosha mchanga, akaibandua ile ngozi ngumu ya manjano, kisha akabaki nayo kiganjani. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki firigisi ni haki ya baba. Buganda ya zamani ilizidisha: mwanamke alipika kuku, lakini kumla, pamoja na mayai yake, ilikuwa mwiko kwake. Kwao Unguja hawakufika huko. Ila nyumbani mwao hakuna mwanamke aliyepata kuonja firigisi, wala yeye hakupata kuuliza kwa nini.

Usiku, mchuzi wa nazi ulipopakuliwa, aliiweka katika sahani ya mwanawe. Kijana akaitazama, kisha akakitazama kile kiti cha upande wa dirisha.

"Mimi si baba, mama," alisema, akaihamishia sahani yake.

Mama alikuwa na miaka hamsini na saba. Aliitafuna kwa muda mrefu, macho yake yakiwa juu ya sinia.

"Ilitaka moto zaidi," alisema hatimaye, akanyosha mkono akachukua paja.