Majuto ni Mjukuu

Mpenzi msomaji, wahenga walipolonga kwamba majuto ni mjukuu, huja baadaye, hawakukosea. Lakini katika kisa changu mjukuu hakungoja baadaye. Alikuwepo siku iyo hiyo, amevaa sare ya shule ya msingi, mkoba begani, amesimama mbele ya ukuta huku babu yake akisubiri jibu. Mjukuu huyo ni mimi.

Nilizaliwa na kulelewa Muthurwa. Kwa msomaji asiyepafahamu, ni pale unapotoka katikati ya jiji la Nairobi kwa Barabara ya Haile Selassie ukielekea Eastlands, jirani na Soko la Wakulima, ambalo sisi tunaliita Marikiti. Huko kwetu jogoo hana kazi. Kabla hajawika, malori ya viazi na kabeji yamekwisha fika, makuli wanapiga mbinja, na makanga wanaita abiria kana kwamba wamelipwa kuamsha mtaa mzima.

Babu yangu alifika Muthurwa mwaka 1974 akiwa kijana mbichi. Aliajiriwa kupaka rangi mabehewa katika karakana ya reli, akapewa chumba kimoja. Katika chumba hicho alimleta Nyanya kutoka mashambani, akamlea baba yangu, na baadaye tukaongezeka sisi. Pazia ndilo lililokuwa ukuta wetu wa ndani. Bomba la maji na choo tulitumia pamoja na majirani, na hakuna aliyeweza kupika samaki kwa siri.

Nyuma ya safu yetu ya nyumba palikuwa na uwanja. Haukuwa mkubwa, lakini ulikuwa na mjakaranda mmoja mzee. Chini ya mti huo wastaafu wa reli walicheza drafti kila alasiri kwa vifuniko vya soda, hawa wakiviweka chali na wale wakiviweka kifudifudi. Babu alikuwa bingwa, na kama hakuwa bingwa basi kelele zake zilikuwa za bingwa. Akina mama walianika nguo upande mmoja, nasi watoto tukapiga mpira wa makaratasi upande wa pili. Uwanja huo ulikuwa na mwenyewe, hilo sikatai. Hapakuwa na mtu miongoni mwetu aliyekuwa na hati yake. Tuliutumia tu kwa sababu tuliukuta hapo.

Siku moja mwaka 2022, nikiwa darasa la nane, Babu aliniita nikitoka shule. Karatasi ilikuwa imebandikwa kwenye ukuta wa uwanja, imefunikwa kwa nailoni isilowe mvua.

"Hebu nisomee hii, kijana," akasema. "Macho yangu yamechoka, na Kiingereza chao hiki kimenishinda."

Nami nilikuwa nimechelewa. Vijana wa safu ya pili walikuwa wameshapanga timu na walikuwa wakiniita. Nikaitupia karatasi jicho. Niliona nambari ya kiwanja, nikaona maneno marefu marefu kuhusu kubadilisha matumizi ya ardhi, na chini kabisa nikaona kwamba mwenye pingamizi apeleke barua kwa serikali ya kaunti kabla ya siku 14 kwisha. Nusu ya maneno sikuyaelewa. Badala ya kukiri kwamba sielewi, nikajitia mjuaji.

"Ni mambo ya ploti tu, Babu. Si kitu."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Akaniamini. Kwa nini asiniamini? Alikuwa akinilipia vitabu. Akarudi kwenye drafti yake, nami nikaenda kwenye mpira wangu. Siku 14 zikapita kama maji ya mtaro.

Kabla mwaka haujaisha, mabati yalizungushwa kuuzunguka uwanja. Mjakaranda ukaangushwa kwa msumeno asubuhi moja tu. Uwanja ukawa yadi ya malori. Usiku injini zilinguruma hadi vikombe vikatetemeka kabatini. Njia tuliyozoea kupitia kwenda barabarani ikazibwa, na Babu, ambaye goti lake la kushoto lilikuwa limeshastaafu kabla yake, akalazimika kuzunguka ukuta mzima. Wazee wa drafti wakatawanyika. Mmoja alirudi kwao mashambani, mwingine akawa haonekani. Babu akaanza kushinda kitandani akisikiliza redio. Ubao wa drafti aliusukuma chini ya kitanda.

Hakuwahi kunilaumu. Nadhani hakujua kwamba ile karatasi ndiyo iliyoleta malori. Mimi nilijua.

Ndugu msomaji, nilipoingia sekondari, mwalimu wa jiografia alitufundisha jinsi miji inavyogawanywa katika kanda. Kanda hii ni ya makazi, ile ni ya viwanda, nyingine ni ya biashara. Kila kanda ina sheria zake: nyumba iwe na urefu gani, kiwanja kiwe na ukubwa gani, na ardhi itumiwe kwa kazi gani. Atakaye kugeuza matumizi hayo sharti aombe ruhusa. Darasa zima liliandika daftarini. Mimi kalamu ilinikwama, kwa maana nilikuwa nimeusikia mngurumo wa yale malori.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma na kuuliza wakubwa, na nimegundua kwamba Muthurwa yenyewe ni mtoto wa sheria za namna hiyo. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na mji ukakua kuizunguka. Mwaka 1913 daktari mmoja Mwingereza, Profesa Simpson, aliandika ripoti kuhusu afya ya mji akapendekeza watu watengwe kwa rangi zao. Wazungu walijichukulia sehemu za juu zenye miti na hewa safi. Wahindi wakawa na sehemu zao. Mwafrika akapelekwa upande wa mashariki, karibu na reli na viwanda. Nyumba za wafanyakazi wa reli zilijengwa kwa safu, chumba kimoja kimoja, kwa sababu serikali ya mkoloni ilimhesabu Mwafrika kuwa mgeni mjini. Afanye kazi, alale, halafu arudi kwao. Wake na watoto hawakuwemo katika hesabu. Hata jina la Barabara ya Landhies latokana na neno walilokuja nalo Wahindi wa reli, maana yake makambi ya wafanyakazi.

Mwaka 1948 Nairobi ilichorewa mpango mkuu wa kuwa mji mkuu wa koloni. Wachoraji wake walikuwa wataalamu watatu: White, Silberman na Anderson. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963 bendera ilibadilika, lakini ukuta haung'oki kwa wimbo wa taifa. Mitaa ya vyumba vya mabachela ilibaki vile vile, ila sasa imejaa familia.

Kisha zikaja zamu nyingine. Mwaka 2008 Soko la Muthurwa lilifunguliwa ili wachuuzi waondoke katikati ya jiji, na pamoja nalo steji ya matatu. Sikatai kwamba soko hilo limelisha watu wengi, na mimi mwenyewe ni mmoja wao, kwa kuwa mama yangu aliuza mitumba humo. Lakini palipokuwa pa kulala pakazungukwa na pa kuuzia, na mkazi akawa kama mpita njia nyumbani kwake.

Halafu ikaja 2010. Ardhi ya mtaa ilikuwa imekabidhiwa hazina ya malipo ya uzeeni ya wafanyakazi wa reli, na wapangaji wakatakiwa kuhama. Hapo ndipo penye fundo, msomaji. Mstaafu wa reli alihitaji pensheni yake, na ardhi hiyo ndiyo ingeitoa. Lakini wengine waliokuwa wakitakiwa kuondoka walikuwa wastaafu hao hao na watoto wao. Ubomoaji ulipoanza mwezi wa Julai, wapangaji 12 walikwenda Mahakama Kuu kwa niaba yao na ya wenzao. Ni kesi nambari 65 ya mwaka 2010. Tarehe 30 Agosti 2013, Jaji Isaac Lenaola aliamua kwamba haki zao zilikiukwa, ikiwemo haki ya makazi iliyomo katika kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010. Hakusema wakae milele. Aliagiza pande zote mbili zikutane na kuzungumza, na serikali ieleze mipango yake ya makazi.

Zikutane na kuzungumza! Nilipofika hapo nilifunga daftari, nikakumbuka ile karatasi ukutani. Nayo ilikuwa inatuita tuzungumze. Ilituita kwa Kiingereza, na mimi niliyetumwa kuwa mkalimani nikasema si kitu.

Labda utaniuliza: hata kama mngeandika barua, je, mngeshinda? Sijui. Mwenye kiwanja alikuwa na haki ya kuomba, na huenda ruhusa angepata. Lakini tungeweza kuomba njia ya miguu ibaki wazi. Tungeweza kuomba malori yasiwashwe usiku wa manane. Tungeweza kuutetea mti. Sheria ya Upangaji na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inamtaka mwenye kuomba aujulishe umma, na asiyeridhika na uamuzi ana kamati ya kaunti ya kukatia rufaa. Mlango ulikuwepo, na mimi nilikuwa na ufunguo mkononi nikidhani ni msumari.

Wenzetu wa pwani wameonja utamu wa mitaa ya kale kulindwa kwa sheria. Mji Mkongwe wa Unguja una mamlaka yake ya uhifadhi tangu mwaka 1985, nao ukaingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Mji wa kale wa Lamu uliufuata mwaka 2001. Huko huwezi kuamka asubuhi ukaongeza ghorofa au ukang'oa mlango wa nakshi upendavyo. Je, Muthurwa ni ya kale? Haina milango ya nakshi, najua. Lakini waliopaka rangi mabehewa na kutandika mataruma ya reli wanastahili nao kukumbukwa. Sisemi kila chumba cha futi chache kihifadhiwe, kwa maana niliyelala ndani yake najua joto lake. Nasema anayekaa mahali aulizwe kabla pahali pake hapajageuzwa kuwa kitu kingine.

Na aulizwe kwa lugha anayoijua. Hapa ndipo Chama chetu cha Kiswahili kinapohusika. Kifungu cha 7 cha Katiba chasema Kiswahili ndicho lugha ya taifa, na tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mwaka 2016 sheria za ardhi zilirekebishwa, na sasa notisi ya kuwahamisha watu wanaokaa kwenye ardhi bila idhini ni ya miezi mitatu, iandikwe kwa lugha ya taifa na rasmi. Ikiwa yule asiye na idhini anastahili kuelezwa kwa lugha ya taifa, seuze jirani anayelipa kodi ya nyumba kila mwezi? Sisi hapa shuleni tunatunga mashairi na kushindana kwa methali, na ni vyema. Lakini ni wangapi kati yetu wanaoweza kumsomea mzazi tangazo la ardhi, likaeleweka, bila kuruka sentensi?

Mwaka 2024 tulihama Muthurwa tukaenda Kayole. Babu alibeba mwenyewe vitu viwili: redio na ubao wa drafti.

Likizo ya juzi tulikuwa tukitembea polepole, yeye na goti lake, tukaona karatasi kwenye geti la kiwanja kitupu. Nailoni ile ile, Kiingereza kile kile. Moyo ulinidunda. Hakuniomba nimsomee. Nilisimama mwenyewe, nikasoma mstari kwa mstari, nikimfasiria kila neno, na neno lililonishinda nikamwambia, "Hili silijui, Babu, nitauliza." Ilikuwa nyumba ya ghorofa nne ya kupangisha.

Kisha nikamweleza habari ya ile karatasi nyingine. Nilimweleza yote, hata mpira niliokuwa nikiukimbilia. Alinyamaza kwa muda mrefu, hadi bodaboda tatu zikapita.

"Basi ilikuwa ile," akasema.

"Ndiyo, Babu."

Akaitazama tena karatasi ya getini. "Na hii siku zake zimebaki ngapi?"

"Tisa. Ungependa tuandike barua ya kupinga?"

"Kupinga nini? Watu wanahitaji pa kulala. Waache wajenge." Akaanza kutembea, kisha akasimama. "Lakini waulize maji machafu wataelekeza wapi. Hilo andika. Andika kwa Kiswahili, nami nitatia sahihi."

Tuliiandika jioni hiyo, ubao wa drafti ukiwa ndio meza.