Shahada si Leseni

Katika familia nyingi za mji huu, mtoto akishavaa joho na kofia ya pembe nne, wazazi hushusha pumzi. Karo imekwisha, sasa ni kazi. Dada yangu mkubwa, ambaye ni muuza khanga wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, alipika pilau ya mtaa mzima siku binti yake alipopata shahada ya sheria. Jioni ile ile majirani wakaanza kumwita binti "wakili". Mpwa wangu alitabasamu kwa adabu, kwani alikwisha jua asilolijua mama yake: kwamba shahada ile ilikuwa ushahidi wa elimu, na ruhusa ya kumtetea mtu mahakamani bado.

Elimu na ruhusa, ndugu msomaji, hutolewa na mikono miwili tofauti. Chuo husema kwamba huyu amesoma akafaulu. Dola, kwa njia ya bodi au baraza la taaluma, husema kwamba huyu tumemruhusu kuwahudumia raia wetu. Kwa upande wa sheria huku Bara, mwenye shahada hana budi kupita katika Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Akifaulu huko ndipo aombe kukubaliwa, aapishwe na Jaji Mkuu, na jina lake liandikwe katika daftari la mawakili.

Mlango huo wa pili si wa kusukuma kwa kidole. Mwezi Oktoba 2022 nchi nzima ilishangaa kusikia kwamba katika wanafunzi 633 wa Taasisi hiyo waliofaulu moja kwa moja ni 26 tu. Watu 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 waliondolewa. Waziri wa Katiba na Sheria akaunda kamati chini ya Dakta Harrison Mwakyembe. Wengine waliilaumu Taasisi kwa ukali, wengine wakavilaumu vyuo vikuu kwa kupika wanafunzi nusu nusu. Mimi niliwafikiria zaidi akina mama kama dada yangu, waliouza khanga miaka yote hiyo bila mtu kuwaambia kwamba baada ya chuo kuna chuo kingine.

Na hata mlango huo ukifunguka, haufungui nchi zote. Kutoka Mahakama Kuu iliyopo Kivukoni hadi gati ya boti za Unguja ni mwendo mfupi kwa miguu. Wakili aliyeapishwa upande huu akipanda boti na mkoba wake, hawezi kusimama katika Mahakama Kuu ya Zanzibar mpaka akubaliwe na wenyeji kwa utaratibu wao, kwa kuwa uwakili si jambo la Muungano. Madaktari nao wana yao: baraza linalowasajili huku Bara bado linaitwa Baraza la Madaktari Tanganyika, na Zanzibar ina la kwake. Hata sisi wa kalamu, Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inayodai tuwe na ithibati ni ya Bara tu. Stashahada yangu hutambuliwa popote nilipowahi kuionyesha, lakini kitambulisho changu cha kazi huishia gatini.

Wapo wazee wanaosema kwamba zamani mambo haya yalikuwa mepesi, kwa sababu chuo kilikuwa kimoja. Ni kweli nusu. Mwezi Oktoba 1961, chuo kikuu cha kwanza cha Tanganyika kilifunguliwa katika jengo la TANU, katika mtaa ambao leo ni Lumumba, hatua chache tu kutoka sokoni Kariakoo. Kitivo kilikuwa kimoja, cha sheria, na wanafunzi hawakufika 20. Tangu mwaka 1963, chini ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, vijana wa Kenya na Uganda walikuja kusoma sheria hapa, na wetu wakaenda Makerere kusomea udaktari na Nairobi kusomea uhandisi. Hata hivyo, tangu mwaka huo huo wa 1963, Kenya ilikuwa na Shule yake ya Sheria ya kuwaandaa mawakili. Shahada ilikuwa moja, lakini kila dola ilishika ufunguo wake. Mwaka 1970 chuo chenyewe kikagawanyika, kila nchi ikabaki na chake.

Jumuiya ya Afrika Mashariki imejitahidi kuulegeza ufunguo huo. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inataka nchi zitambuliane katika taaluma, na wahasibu na wasanifu majengo walitia saini makubaliano yao mwaka 2011, wahandisi mwaka 2012. Mawakili hawakuwamo. Wazazi wengi husikia habari hizi nusu. Makubaliano ya wahandisi yanamhusu mhandisi aliyekwisha sajiliwa na bodi ya kwao. Kijana aliyetoka chuoni jana, na joho lake mkononi, bado hajafika hapo.

Mwaka huu mdogo wake yule binti amepata nafasi ya kusomea uhandisi Nairobi. Safari hii dada hakuanza na pilau. Alikuja kwangu na karo imefungwa katika pindo la khanga, akasema, "Kaka, kabla sijafungua fundo hili, niandikie." Tukaandika barua tatu. Ya kwanza kwa Tume ya Vyuo Vikuu, kuuliza kama shahada ya kozi ile itatambuliwa hapa. Ya pili kwa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kuuliza mhitimu wake atatakiwa kufanya kazi chini ya usimamizi kwa muda gani kabla ya kusajiliwa. Ya tatu kwa bodi ya Kenya, endapo kijana atapenda kubaki huko. Majibu mawili yamekwisha fika. La tatu tunalingoja, na fundo bado halijafunguliwa.