Kazi Isiyo na Jina

Mtu aliyesomea ualimu au uuguzi akirudi kwao haulizwi amesomea nini. Sisi wawili tuliporudi Uvira kutoka Kampala tulikuwa na kazi ya kueleza. Tulikuwa tumesoma katika Chuo Kikuu cha Makerere, kilichoanza mwaka 2008 kufundisha tiba ya usemi, yaani kuwasaidia wenye kigugumizi, watoto waliochelewa kusema, watu walionyang'anywa maneno na kiharusi, na wale wanaoshindwa kumeza. Wafaransa huiita ortofoni, Wabelgiji logopedi. Kwetu haikuwa na jina, wala nafasi katika orodha ya watumishi.

Tulipeleka barua hospitalini na katika vituo vya afya, tangu Kavimvira mpakani mwa Burundi mpaka bandari ya Kalundu. Mahali pamoja karani alivitazama vyeti vyetu, akatuuliza kama tulisomea utangazaji wa redio. Tulicheka tulipofika barabarani, si mbele yake. Pengine tuliambiwa kwamba vyeti vya nchi ya kigeni sharti vitambuliwe kwanza Kinshasa, nako ni mbali kwa asiye na nauli. Mkuu wa hospitali moja alitueleza wazi: wauguzi wake wengi hawapati mshahara wa serikali, wanagawana ada za wagonjwa. Je, awapunguzie mgawo kwa ajili ya watu wanaofundisha kusema? Siku ile tulimwona mgumu. Leo twakiri kwamba alisema kweli.

Mama wa mmoja wetu, auzaye ndagala sokoni, hakutulaumu. Aliuliza tu kila jioni, "Wanangu, leo wamesemaje?"

Basi jirani yetu wa Mulongwe, mzee aliyekuwa mwalimu, akapatwa na kiharusi. Mkono wa kuume ukalegea, maneno yakampotea. Tulikwenda kumwangalia hospitalini kama majirani, hatukwenda kutafuta kazi. Tulimkuta amelala chali, binti yake akimlisha uji mwepesi, naye akikohoa kila kijiko. Tuliogopa, kwa maana koo lililolegea huachia chakula kipite njia ya pumzi mpaka mapafuni, na homa ya mapafu huwaua wengi ambao kiharusi kimewaacha hai. Tukamwomba muuguzi ruhusa. Tukamketisha mzee wima, kidevu kikiinama kidogo. Tukaomba uji uwe mzito, kijiko kiwe kidogo, na cha pili kisije kabla cha kwanza hakijamezwa. Kikohozi kikapungua. Muuguzi alitazama asiseme neno. Siku ya tatu akatuita kwa mgonjwa mwingine.

Maneno yalihitaji subira zaidi. Kitabu cha picha tulichotoka nacho chuoni kilijaa theluji na makoti ya baridi. Tukakiweka kando, tukachora mtumbwi, wavu na muhogo. Tena tuanze kwa lugha ipi? Mzee alilelewa kwa Kifuliiru, alifundisha kwa Kifaransa, sokoni alisema Kiswahili. Mganga Mfaransa Albert Pitres aliandika mwaka 1895 kwamba lugha iliyozoewa sana ndiyo hutangulia kurudi. Wengine wamesema ni ile ya utotoni. Mzee wetu alianza kwa kuhesabu kwa Kifaransa, moja mpaka kumi, kama aliye mbele ya darasa. Jina la mkewe lilikuja majuma mengi baadaye, nalo nusu tu. Mama huyo aliitika kana kwamba limetamkwa lote.

Baada ya miezi miwili mkuu yule yule wa hospitali alituita. Hakuwa na cheo cha kutupa. Alitupa stoo ya magodoro, asubuhi tatu kwa juma, na mgawo mdogo kuliko wa mfagiaji. Katika karatasi ya watumishi tuliandikwa chini ya tiba ya viungo, kwa sababu hapo palikuwa na mstari mtupu. Tulitia sahihi.

Jioni mama akauliza swali lake, tukamjibu. Akataka kujua ni faranga ngapi. Tulipomtajia alinyamaza kidogo, kisha akatuambia tupite sokoni kesho kuchukua ndagala kabla ya kwenda kazini.