Damu ya Ndugu

Sisi tulidhani kwamba mtu akilijua kundi la damu yake amejua yote. Hata ubaoni tuliwaandikia wanafunzi: A, B, AB na O, kama alivyoanza kuyatambua daktari Karl Landsteiner huko Vienna mwaka 1901.

Basi dada yetu alijifungua hapa Kolwezi, akatokwa na damu nyingi mno. Kundi lake ni O. Mumewe, naye O, akakunja mkono wa shati mara moja. Mpimaji akachanganya chembe za damu ya mume na maji ya damu ya mgonjwa, akatia dawa, akatikisa kichwa: chembe zimeshikamana mabonge. Damu ya majirani wawili, vile vile.

“Amewahi kuongezewa damu?” daktari akauliza. Dada akakataa. Mama yetu, aliyekaa mlangoni na rozari, ndiye aliyekumbuka: alipokuwa na miaka mitatu, malaria ilimmaliza damu, akaongezewa.

Hapo tulielezwa jambo ambalo kitabu chetu hakikulitaja. Juu ya chembe nyekundu mna alama nyingi ziitwazo antijeni; wataalamu wamezipanga katika mafungu zaidi ya 40. Asiye na alama fulani akipokea damu yenye alama hiyo, au akibeba mimba ya mtoto aliyeirithi kwa baba, mwili wake waweza kufanya askari wa kuipinga, yaani kingamwili. Mwaka 1953, huko Marekani, daktari Alexander Wiener na wenzake walieleza kifo cha mgonjwa aliyeongezewa damu yenye alama ya namna hiyo. Waliiita U, kwa kuwa karibu watu wote wanayo. Kumbe wasio nayo ni watu wa asili ya Afrika! Damu ya kuwafaa ni shida kuipata Ulaya, iko kwetu.

Alama aliyoikosa dada hatukuambiwa, maana dawa za kuitambua hazikuwapo. Lakini alama hurithiwa, na mara nyingi ndugu wa baba na mama mmoja ndio wa kutafutwa kwanza. Tukampigia simu mdogo wetu, mchimbaji huko Fungurume. Akafika usiku kwa lori tupu, vumbi mpaka kwenye kope. Akapimwa magonjwa, kisha damu ikachanganywa tena. Mpimaji akatazama kwa muda mrefu. Chembe zilielea kila moja peke yake.

Daktari ameyaandika hayo yote katika kadi ya dada, kwa wino mwekundu. Mama anaitunza ndani ya kitabu chake cha sala.