Kadi ya Bongo, Foleni ya Berlin

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa, na wengine mmeniuliza kama nimelowea huko huko majuu. Hapana, nimerudi, nipo Sinza. Ukimya wenyewe ulikuwa na sababu: kuna jambo lilinitokea Berlin ambalo nilikuwa naona aibu kuliandika. Leo naliweka hapa, maana wengi wetu tunasafiri siku hizi, na wengi tunasafiri na ujinga ule ule niliokuwa nao mimi.

Novemba iliyopita nilikwenda Ujerumani kwenye mafunzo ya siku tisa ya waandishi wa habari. Waandalizi walilipia tiketi na chumba. Chakula na nauli za mjini tulitakiwa kujigharamia, halafu tungerudishiwa mwishoni kwa risiti. Mimi sikuona tatizo. Nilikuwa na milioni moja na laki mbili kwenye akaunti, na kadi yenye nembo ya Visa. Dada yangu aliponishauri ninunue euro kabla ya kuondoka nilimcheka. "Dada, dunia imebadilika. Nani siku hizi anatembea na mabunda?" Akanijibu, "Haya, msomi." Nikaondoka Dar bila hata noti moja ya kigeni.

Kosa la kwanza nililifanya uwanja wa ndege. Nilitumbukiza kadi kwenye ATM nikaomba euro mia moja. Mashine ikaniuliza: ukatwe kwa euro au kwa shilingi za Tanzania? Jamani, kuona shilingi yetu imeandikwa kwenye mashine ya Wajerumani nilifurahi kama nimekutana na jirani. Nikabonyeza shilingi. Baadaye ndipo nilielewa kuwa ukichagua pesa ya kwenu, mwenye mashine ndiye anayepanga bei ya kubadilisha, na hajipunji. Ukichagua pesa ya pale ulipo, bei inatoka kwa mtandao wa kadi na benki yako, na mara nyingi inakuwa nafuu. Nilipopiga hesabu nyumbani, furaha yangu ilikuwa imenigharimu karibu elfu thelathini, achilia mbali makato ya benki.

Kosa la pili hotelini. Chumba kimelipiwa, lakini mapokezi wanataka dhamana, usije ukavunja kitu au ukanywa vya kwenye friji ukaondoka. Wakaomba kadi, wakazuia euro mia na hamsini. Mwenye kadi ya mkopo hasikii maumivu, kwa sababu kinachozuiwa ni pesa ya benki. Sisi wa kadi za akaunti kinachozuiwa ni mshahara wetu wenyewe, na hata ukishaondoka hotelini inaweza kuchukua siku kadhaa kurudi. Kwa euro iliyokuwa karibu shilingi elfu tatu, milioni yangu na ushee ilibaki kama laki nne na nusu kabla sijalala usiku wa kwanza.

Sasa nije kwenye aibu yenyewe.

Ijumaa jioni niliingia dukani kununua mkate, mayai, maziwa na ndizi. Foleni ndefu, watu wanatoka kazini. Nikaweka kadi, mashine ikakataa. Nikarudia, ikakataa. Yule mama wa kaunta akaniuliza kwa Kiingereza cha kujikongoja kama nina kadi nyingine. Nyuma yangu mtu akahema kwa nguvu. Wadau, nilihisi macho ya foleni nzima yamenigandia mgongoni. Nikamwambia yule mama, kwa sauti ya kusikika na wote, kwamba kadi yangu ni nzima na ina pesa, labda tatizo ni kwamba imetoka Afrika. Uso ukamwiva. Hakusema neno, akasogeza vitu vyangu pembeni na kumwita anayefuata. Nikatoka kifua mbele, najiona nimetetea bara zima.

ATM mbili za jirani nazo zikakataa. Mfukoni nilikuwa na euro kumi na moja.

Nikajaribu kuipigia benki yangu. Ile namba fupi tuliyoizoea haipatikani ukiwa nje ya nchi. Nikageuza kadi, nikapata namba ndefu. Kule Berlin ilikuwa saa kumi na moja jioni, Dar saa moja usiku, matawi yamefungwa. Dada wa huduma kwa wateja akanipokea vizuri tu. Akaniambia mfumo wao uliona kadi inatumika Ujerumani bila taarifa yoyote kutoka kwangu, ukatuma ujumbe kuniuliza kama ni mimi, usipojibiwa ukaifunga. Ujumbe ule ulitumwa kwenye laini yangu ya Bongo, na laini yenyewe ilikuwa ndani ya pochi imefungwa kwenye karatasi, kwa sababu nilikuwa nimeweka ya Kijerumani.

"Basi kaka, nikutumie namba ya uthibitisho kwenye laini yako?"

Nikamweleza sikuiunganisha na huduma ya kutumika nje ya nchi.

"Pole sana kaka. Basi fika tawi letu lolote lililo karibu nawe."

Nilitamani kucheka. Nikamuuliza jambo moja la mwisho: kwa hiyo tatizo halikuwa lile duka? Akasema, "Hapana kaka. Ombi lilifika kwetu. Sisi ndio tuliolikataa."

Hebu tuelewane hapa. Ukiweka kadi kwenye mashine ya Berlin, hakuna pesa inayohama pale pale. Kinachosafiri ni swali. Swali linatoka dukani kwenda benki ya duka, linapita kwenye mtandao wa Visa au Mastercard, linafika benki yako nyumbani: huyu tumruhusu? Jibu linarudi njia ile ile ndani ya sekunde chache. Yule mama wa kaunta anaona neno moja tu, imekataliwa. Hajui ni nani aliyekataa wala kwa nini. Mimi nilimtuhumu mbele ya watu kwa uamuzi uliofanywa Dar es Salaam.

Na njia hiyo inaweza kukatwa popote. Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, Visa na Mastercard zilisimamisha shughuli zao Urusi, na kadi zilizotolewa na benki za nje zikaacha kufanya kazi kule. Mgeni aliyekuwa Moscow na mamilioni kwenye akaunti ya kwao akawa sawa na mimi na euro zangu kumi na moja.

Aliyeniokoa ni nani? Yule yule dada niliyemcheka. Nilimpigia kwa intaneti ya hoteli, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nina laki nne hapa. Ni ya kodi, ujue." Rafiki akaniunganisha na mama mmoja mwenyeji wa Tanga anayeishi Berlin miaka mingi. Jumamosi asubuhi nikamfuata kituo cha treni. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, umekula?" Akanipa euro mia na thelathini. Dakika hiyo hiyo dada akatuma pesa kwa simu kwa bibi mmoja Tanga, mama yake mzazi yule mama. Bibi akathibitisha kwa simu, tukaagana. Hakuna kadi, hakuna fomu, hakuna tawi lililo karibu nawe. Watu wawili ambao hawajawahi kuonana waliaminiana, basi.

Nilitoka pale nikaenda dukani moja kwa moja, maana Jumapili maduka ya Ujerumani hufungwa. Yule mama alikuwepo. Nikalipa taslimu, nikamwambia kosa lilikuwa la benki yangu na naomba radhi kwa niliyosema. Akaniangalia, akasema hutokea, akanipa chenji. Sijui kama alinisamehe. Foleni ilikuwa ndefu, na safari hii mimi ndiye niliyekuwa na haraka ya kuondoka.

Kwa hiyo ewe unayejiandaa na safari, nisikilize. Iarifu benki kabla hujaondoka, taja nchi na tarehe, na uliza kama kadi imefunguliwa kutumika nje. Washa laini yako iweze kupokea ujumbe ukiwa huko. Kama simu inabeba laini mbili, ya nyumbani isitoke. Andika ile namba ndefu ya benki mahali tofauti na kadi, maana kadi ikiibiwa na namba imekwenda. Beba kadi ya pili ya benki nyingine na uiweke mfuko mwingine. Mashine ikikuuliza, chagua pesa ya nchi uliyopo. Na beba taslimu za siku tatu au nne. Hata Berlin kuna vibanda vya chakula na maduka madogo yasiyopokea kadi, au yanayopokea kadi za kwao tu.

Mimi niliporudi Dar nilikwenda tawini na kitambulisho, kadi ikafunguliwa kwa dakika kumi. Deni la dada nililipa baada ya zile pesa za hoteli kurudi. Kodi yake ilichelewa siku nane, na mwenye nyumba alimpigia mara mbili. Hakuniambia, nilikuja kusikia kwa shemeji.

Mwezi ujao nina safari ya Kampala. Euro hazihitajiki huko, lakini juzi dada ameniuliza nimebadilisha shingapi. Safari hii sikucheka.